Mwani ni Chombo cha Dawa

Msomaji aliyepata kufika Paje au Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, wakati wa bamvu, hawezi kuyasahau aliyoyaona. Maji hupwa yakaenda mbali kuukaribia mwamba, na katika uwanda wa mchanga uliobaki nyuma huonekana safu kwa safu za vigingi na kamba, na akina mama wameinama, kanga zimelowa hata kiunoni, wakifunga vipande vya mwani kimoja kimoja. Bahari ikianza kujaa nao hurejea, magunia vichwani. Mwani huanikwa juani siku chache, hupelekwa kwenye mizani ya mnunuzi, hulipiwa kwa kilo, kisha hupakiwa melini ukaondoka. Hapo ndipo habari yake inapokatika kwa wengi wetu. Mama mwenyewe ukimwuliza mwani wake unakwenda kufanya kazi gani huko uendako, huenda akakujibu kuwa amesikia watengenezewa dawa. Dawa gani, na kwa njia gani, hakuna aliyejihimu kumweleza.

Sisi twaona kwamba mtu aliyeinama majini kwa miaka mingi anayo haki ya kujibiwa swali hilo, na jibu lenyewe si la siri. Twataka leo kulijibu kadiri ya nafasi tuliyo nayo. Na ili msomaji asitutazamie makubwa tusiyoyakusudia, tuseme tangu mwanzo: mwani, kwa sehemu kubwa ya kazi zake katika utabibu, si dawa. Mwani ni chombo cha dawa. Ni kile kinachoishika dawa, kinachoifunika, kinachoichelewesha isitoke kabla ya wakati wake, na kinachoifikisha mahali inapotakiwa. Asiyeijua tofauti hiyo atadanganywa mara mbili: atauziwa mwani kuwa ni tiba ya kila ugonjwa, na wake mwenyewe atanunuliwa kwa bei ya majani.

Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989, katika vijiji hivyo viwili tulivyovitaja, kwa mbegu zilizoletwa kutoka Ufilipino. Kabla ya hapo watu wa pwani waliokota mwani wa mwituni nao ukauzwa nje, na Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa amekwisha kuutafiti mmea huu na kuhimiza kwamba waweza kulimwa kwetu kama ulimwavyo huko Mashariki ya Mbali. Aina zilizoletwa ni mbili. Moja ni kotonii, mwani mnene wenye bei nzuri. Ya pili ni spinosumu, mwembamba, wenye vijimiba, wenye bei ya chini. Hayo ni majina ya wafanya biashara, lakini wakulima wamekwisha kuyafanya yao. Leo wakulima wa mwani wa Zanzibar wanahesabiwa kuwa zaidi ya 20,000, na walio wengi kabisa ni wanawake.

Sasa, ndani ya mwani huo mna nini? Mpishi aliyewahi kukata bamia anajua ute ni kitu gani. Mwani mwekundu, ambao kotonii na spinosumu ni wa ukoo wake, una ute wa namna yake, na ute huo huitwa karaginani. Jina limetoka Ireland, ambako watu wa pwani tangu zamani walichemsha mwani mwekundu wa kwao pamoja na maziwa, wakampa mgonjwa wa kifua. Mkemia akiuchungulia ute huu huona minyororo mirefu sana ya sukari, na juu ya minyororo hiyo yamepachikwa mafungu ya salfeti yenye chaji hasi ya umeme. Hayo mafungu ya salfeti tunamwomba msomaji ayaweke akilini, maana yatarudi mbele ya safari.

Karaginani ina namna tatu zinazojulikana zaidi. Ya kwanza, iitwayo kapa, hutoka katika kotonii. Ukiichemsha na kuitia chumvi ya potasiamu huganda ikawa ngumu, na ukiibonyeza hukatika. Ya pili ni iota, nayo hutoka katika spinosumu. Hii hugandishwa na kalsiamu, ikawa laini, yenye kuvutika, na ina tabia moja ya ajabu: ukiitikisa huvunjika ikawa majimaji, ukiiacha itulie hujiunga tena yenyewe. Ya tatu, lamda, haigandi hata kidogo, bali huufanya mchanganyiko uwe mzito tu. Basi kile kitu ambacho mkulima wetu hukilima zaidi, na kulipwa kwa bei ya chini zaidi, ndicho chenye iota. Tutaona hivi punde kwamba watengeneza dawa wanayo haja nayo kubwa.

Tuanze na vile vidonge vya mviringo vilivyo laini, vyenye mafuta ndani, ambavyo huitwa kapsuli. Ganda lake kwa kawaida hufanywa kwa jelatini, na jelatini hutolewa katika ngozi na mifupa ya ng'ombe na nguruwe. Muislamu mwenye kuchunga dini yake, na Mhindu asiyekula ng'ombe, wote wawili huduwaa mbele ya dawa hiyo, na wengi huimeza kwa dharura huku roho zao hazikutulia. Tangu mwanzo wa karne hii wamekuwapo watengenezaji walioiacha jelatini wakatumia iota iliyochanganywa na wanga. Ganda hilo halina mnyama ndani yake, hushika mafuta vizuri, na tumboni huyeyuka likaiachia dawa. Kwa hiyo si ajabu mtu wa Mjini Unguja akimeza kapsuli iliyonunuliwa kwa fedha za kigeni, na ganda lake likawa ni mwani uliowahi kupita mbele ya nyumba ya shangazi yake.

Kazi ya pili ni ya kuchelewesha. Dawa nyingine zikiyeyuka zote mara moja humletea mgonjwa taabu, kisha baada ya saa chache huwa zimekwisha, akalazimika kumeza tena. Kidonge kikichanganywa na unga wa karaginani, maji ya tumboni yakikigusa, sehemu ya nje hugeuka ute mzito, na dawa iliyomo hupenya katika ute huo pole pole, kama maji yapenyavyo katika mtungi wa udongo. Karaginani hutumika pia katika dawa za maji, ili unga wa dawa usizame chini ya chupa ukamfanya mtoto anywe maji matupu leo na sumu kesho. Na dawa ya meno ikikaa juu ya mswaki pasipo kutiririka, sababu mara nyingi ni ute huu huu.

Lakini tusiwe kama kipofu aliyemshika tembo mkia akadhani amemjua. Mwani wa dunia ni mwingi, na aina nyingine zilitangulia kuingia hospitalini. Wapo wasomaji wetu ambao katika mwezi wa Ramadhani hugandisha faluda kwa chainagrasi. Chainagrasi hiyo ndiyo agari, nayo ni ute wa mwani mwekundu wa aina nyingine. Mwaka 1881 katika maabara ya Dakta Robert Koch huko Ujerumani, wataalamu walikuwa wakihangaika kuotesha vijidudu vya maradhi juu ya jelatini. Siku za joto jelatini iliyeyuka, na vijidudu vingine viliila. Bibi Fanny Hesse, mke wa mmoja wa wasaidizi wa Koch, alikuwa akitumia agari jikoni kugandishia vyakula vyake, kwa kufundishwa na watu waliowahi kukaa Java. Alishauri ijaribiwe. Agari haikuyeyuka kwa joto wala haikuliwa, na tangu siku hizo maabara za ulimwengu mzima huotesha vijidudu juu yake, tena hata leo haijapatikana badala yake iliyo bora. Koch aliitaja agari katika taarifa yake ya mwaka 1882 iliyotangaza kijidudu cha kifua kikuu, lakini Bibi Hesse hakumtaja. Koch huyo huyo alikuja baadaye katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki kuchunguza malaria na malale, na sisi twamheshimu kwa elimu yake. Lakini twaona ilimpasa kulitaja jina la yule bibi.

Mwani wa rangi ya kahawia, uotao katika bahari za baridi za Scotland na Norway, una ute uitwao aljineti, uliogunduliwa na mkemia Mwingereza Edward Stanford mwaka 1881. Aljineti huganda ikikutana na kalsiamu, na tabia hiyo moja imezaa kazi nyingi. Nyuzi za aljineti zenye kalsiamu husukwa zikawa kitambaa cha kufunikia vidonda. Kitambaa hicho kikikutana na maji ya kidonda hubadilishana nayo chumvi, kikageuka ute unaokiweka kidonda na unyevu wake na usiokwaruza nyama changa wakati wa kufungua. Mwenye kiungulia hunywa dawa ya aljineti iliyotiwa magadi, na ndani ya tumbo ute huganda, ukajaa mapovu, ukaelea juu ya chakula kama chelezo na kuizuia asidi isipande kooni. Daktari wa meno naye akitaka kuchukua umbo la kinywa huikoroga aljineti kwa maji na kumng'atisha mgonjwa.

Mwaka 1980 wataalamu wawili, Lim na Sun, walifanya jambo ambalo mpaka leo linazungumzwa. Walichukua chembe za kongosho zinazotengeneza insulini, wakazifungia ndani ya vifuko vidogo sana vya aljineti, wakawatia panya wenye kisukari. Vifuko vile vilikuwa na matundu madogo, yanayoruhusu sukari kuingia na insulini kutoka, lakini yasiyowaruhusu askari wa mwili kuingia kuziua chembe ngeni. Sukari ya panya wale ilikaa katika kiwango cha kawaida kwa muda wa wiki 2 hadi 3. Zaidi ya miaka 40 imepita, na tiba hiyo haijawa ya kawaida kwa binadamu, maana mwili huvizungushia vifuko hivyo kovu, na chembe zilizomo hukosa hewa zikafa. Hata hivyo wataalamu hawajaiacha njia hiyo.

Ipo pia habari ya Bahari yetu ya Hindi. Mwaka 1972 kundi la mkemia George Pettit wa Marekani liliokota huko Mauritius konokono wa bahari asiye na gamba la nje, na katika konokono huyo ikaonekana sumu yenye kuua chembe za saratani. Mamia ya kilo ya konokono yalitoa miligramu chache tu za sumu yenyewe, hata umbo lake likajulikana mwaka 1987. Baadaye ikabainika kwamba konokono hakuitengeneza yeye. Aliipata katika chakula chake, yaani vile vimelea vya majini ambavyo zamani viliitwa mwani wa buluu na kijani, na ambavyo wataalamu wa leo wanaviita sayanobakteria. Sumu hiyo ilikuwa kali mno. Mgonjwa aliyepewa peke yake iliweza kumdhuru kabla ya kuiua saratani yake. Ndipo wataalamu walipotengeneza sumu inayofanana nayo wakaifunga kwenye kingamwili, ambacho huzunguka katika damu kikitafuta chembe za saratani za namna moja tu, kikazishika na kuingia nazo, na sumu ikafunguliwa huko ndani. Dawa hiyo iliidhinishwa Marekani mwaka 2011 kwa saratani ya tezi iitwayo Hodgkin. Hapa majani yamegeuka: kiumbe cha majini kimetoa sumu, na mwanadamu ndiye aliyetafuta chombo cha kuibeba.

Na kama msomaji hajachoka kustaajabu, mwaka 2022 wataalamu wa Chuo Kikuu cha California huko San Diego walitangaza kuwa wamebandika vipunje vya dawa juu ya mwani hai wa chembe moja, mdogo usioonekana kwa macho, mwenye mikia miwili ya kuogelea, wakawatilia panya mapafuni. Panya hao walikuwa na ugonjwa mkali wa mapafu. Mwani ukaogelea humo ukaisambaza dawa. Waliotibiwa walipona, na wasiotibiwa walikufa katika muda wa siku 3. Panya si mtu, na hatutaki mtu yeyote aliyesoma habari hii akaanze kuvuta maji ya bwawa puani.

Hapo ndipo tunapofika katika jambo linalotuudhi. Siku hizi huuzwa unga wa mwani kwa madai kwamba hutibu kisukari, shinikizo la damu, saratani, ugumba na kila kitu kilichowahi kumsumbua mwanadamu. Mwani ni chakula kizuri, na akina mama wanaotengeneza sabuni, mafuta ya kujipaka na vyakula kwa mwani wanafanya kazi ya heshima. Kikundi cha Kidoti, upande wa kaskazini ya Unguja, kimejulikana kwa sabuni yake, na Dakta Flower Msuya, ambaye mwaka 2006 alikuwa miongoni mwa walioanzisha umoja wa wadau wa mwani Zanzibar, ameifanya kazi hiyo kwa miaka mingi pamoja nao. Lakini sabuni ni sabuni. Neno dawa lina gharama yake, na gharama hiyo ni kujaribiwa mbele ya watu na kukubali matokeo yoyote yatakayotokea.

Mfano uko Afrika Kusini. Katika maabara ilikuwa imeonekana kwamba karaginani huzuia virusi vya UKIMWI visiingie katika chembe. Mantiki yake iko wazi kwa aliyekumbuka yale mafungu ya salfeti: yana chaji hasi, na ngozi ya virusi vingi ina sehemu zenye chaji chanya, hivyo virusi hunaswa katika ute kama nzi katika asali. Basi Baraza la Idadi ya Watu la Marekani likatengeneza jeli ya karaginani ya kutumiwa na wanawake. Ilikuwa ni tumaini kubwa, kwa sababu mwanamke angeweza kujilinda pasipo kuomba ruhusa ya mwanamume. Wanawake 6,202 wa Afrika Kusini waliingia katika jaribio kuanzia mwaka 2004 hadi 2007. Nusu walipewa jeli yenye karaginani, nusu jeli ya mfano isiyo na kazi hiyo, na hakuna aliyejua yeye yuko upande gani. Matokeo yalitangazwa mwezi wa Februari 2008. Jeli haikuwadhuru. Lakini waliopata maambukizo walikuwa 134 upande wa karaginani na 151 upande wa pili, tofauti ndogo ambayo yaweza kuwa ni bahati tu. Jeli haikuwakinga. Tena ilionekana kwamba wengi hawakuitumia kila mara walipokutana na wenzi wao, na hilo halikuwashangaza wanaoyajua maisha ya ndoa.

Wapo waliosema kazi ile ilipotea bure. Sisi hatukubaliani nao. Wanawake wale 6,202 waliuokoa ulimwengu na dawa ya uongo. Lau jeli ile ingaliuzwa kwa kutegemea maabara peke yake, kina dada wangapi wangalijiona wamekingwa nao hawakukingwa? Na ute ule ule haukutupwa. Mwaka 2006 wataalamu wa Marekani walikuwa wameona katika maabara kwamba karaginani huvinasa kwa nguvu zaidi virusi viletavyo saratani ya shingo ya kizazi, na majaribio yaliyofanywa baadaye kwa wanawake wa Montreal, Canada, yalionyesha maambukizo ya virusi hivyo kupungua kwa waliotumia jeli. Hata hivyo hakuna daktari mwenye akili atakayemwambia mtu aache chanjo akatumie mwani.

Namna iliyofika madukani ni dawa ya kupulizia puani, nayo hufanywa kwa iota. Mtu akiwa na mafua, ute huo hutanda juu ya ngozi ya ndani ya pua na kuvifunga virusi visipite. Si dawa yenye kuingia katika damu. Ni kama chandarua, hasa, na chandarua chatosha ikiwa mbu yuko nje. Wakati wa UVIKO-19, kabla ya chanjo kuenea, madaktari wa Argentina waliijaribu kwa watumishi 394 wa hospitali waliokuwa wakiwahudumia wagonjwa. Baada ya siku 21, waliougua katika kundi la iota walikuwa 2 kati ya 196, na katika kundi la pili 10 kati ya 198. Matokeo hayo yanapendeza, lakini tuyapime kwa mizani yake: wagonjwa wote pamoja ni 12, na hesabu ndogo kama hiyo yataka kurudiwa mahali pengi kabla ya kupigiwa vigelegele.

Iota, tumesema, hutoka katika spinosumu, na spinosumu ndiyo iliyojaa katika pwani zetu. Kwa nini basi mkulima wake abaki pale pale? Jibu liko katika safari ya mwani baada ya kupimwa. Kilo 1 ya mwani mkavu hutoka katika kilo 7 hadi 10 za mwani mbichi. Kiwandani mwani huoshwa, huchemshwa katika maji ya magadi makali ili ute uimarike, huchujwa, kisha ute hutengwa na maji. Kapa ina njia rahisi: hugandishwa kwa chumvi ya potasiamu ikakamuliwa. Iota, kwa ulaini wake, haikamuliki hivyo. Hutengwa kwa spiriti nyingi, na spiriti hiyo haina budi kukusanywa na kutumiwa tena, la sivyo kiwanda kitafilisika. Mitambo yake ni ghali. Hiyo ndiyo sababu moja, nayo ni ya kweli.

Sababu ya pili haisemwi sana. Karaginani ya chakula na karaginani ya dawa hutoka katika mwani ule ule, lakini hazilingani bei, maana muuzaji wa dawa hununua hakika pamoja na ute. Anataka kujua mna risasi na zebaki kiasi gani, mna aseniki kiasi gani, vijidudu vingapi, minyororo ya ute ina urefu gani, na kwamba gunia la mwezi huu litafanana na la mwezi ujao. Mwani uliovunwa kabla ya kukomaa una ute dhaifu. Uliokaushwa juu ya mchanga huchukua mchanga. Ulionyeshewa wakati wa kuanikwa hupoteza nguvu. Mambo hayo yote hutokea katika mikono ya mkulima, kabla ya mnunuzi kuugusa. Yaani hatua ya kwanza ya kiwanda cha dawa iko Paje na Jambiani, na mfanyakazi wake hajaambiwa kuwa yuko kiwandani.

Tena mfanyakazi huyo hana afya njema. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 uliwakuta wakulima wanawake wa Unguja wakilalamikia uchovu, maumivu ya mgongo na viungo, na mzio, kwa kazi ya kuinama katika maji ya chumvi chini ya jua kali. Na bahari yenyewe inabadilika. Maji ya pwani yanapopata joto kupita kiasi mwani hufanya madoa meupe, hukatika na kuoza. Kotonii imepotea katika sehemu nyingi za Unguja ilikokuwa ikistawi, na spinosumu nayo sasa yaugua. Wataalamu wa Taasisi ya Sayansi za Bahari wamejaribu kulima katika kina kirefu, ambako maji yana ubaridi, kwa kutumia nyavu zilizoshonwa kama mirija, na mwani umekua. Lakini kina kirefu chataka mashua na kujua kuogelea, na katika pwani yetu mtoto wa kiume huogelea tangu utotoni wakati dada yake anaitwa nyumbani. Basi kumfundisha mama wa makamo kuogelea ni sehemu ya utengenezaji wa dawa, ingawa hakuna kitabu cha ufamasia kilichoandika hivyo.

Hatudai kwamba kiwanda cha kapsuli kijengwe Jambiani mwaka kesho. Watu wetu wamekwisha kuahidiwa viwanda vya kutosha. Twataka jambo moja lililo dogo lifanyike kwanza. Mwani unapofika mizanini, pamoja na uzito wake upimwe unyevu uliomo na mchanga uliomo, na kila msimu sampuli za kila kijiji zipelekwe maabara zikapimwe nguvu ya ute. Vyombo vya kupimia unyevu si vya bei ya kutisha, na chuo kikuu tunacho. Kisha matokeo hayo, kwa Kiswahili na kwa tarakimu zinazosomeka, yabandikwe penye mizani pale pale, na mnunuzi akija aseme bei yake mbele ya karatasi hiyo, mwenye gunia akiwa amesimama anaisoma.